Kuunga PC ya kuhariri video za harusi: GPU ya ndani ya prosesa inatosha, au lazima kadi?

mwambao_picha

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga mjini, kazi ni harusi, sendofu na maulidi. Naunga kompyuta kwa vipande na orodha mpaka sasa ni hii: Core i5-12400F, mazabodi ya B660 ya DDR4, RAM GB 16 kipande kimoja, SSD ya NVMe GB 500, pawa saplai ya wati 450 na kadi ya picha GTX 1650 ya mtumba yenye GB 4.

Video ni 4K kutoka Sony A7 III mbili, simu moja ya vipande vya kuchangamsha, na mara nyingine kamera ya mpigapicha wa kukodi. Mteja anapewa 1080p kwenye flashi. Natumia Premiere Pro, nafikiria kuhamia DaVinci Resolve ya bure. Fundi mmoja anasema niache kadi, nichukue 12400 isiyo na F, hela ya kadi iende kwenye RAM. Mwingine anasema kuhariri bila kadi ni kujitesa. Nimfuate nani?

kibao_mama

Wote wawili wana hoja, mkuu, ila kila mmoja anajibu swali lake. Ndani ya GPU (kichakataji cha picha) yoyote, iwe ya prosesa au ya kadi, kuna sehemu mbili zinazomhusu mhariri. Ya kwanza ni injini ya video, saketi yenye kazi moja tu: kufungua mafaili ya H.264 na HEVC (njia za kubana video) unapoyacheza, na kuyafunga unapotoa kazi. Ya pili ni vile viini vinavyopiga hesabu za rangi, LUT (jedwali la kugeuza rangi), kukuza na kupunguza picha, ukungu, kuondoa chenga.

Injini ya video haiwi bora kwa sababu tu kadi ni ghali. Intel wanaiweka kwenye prosesa zao tangu 2011 kwa jina la Quick Sync, na ya kizazi cha 12 inafungua 4K ya A7 III bila shida yoyote. Kwenye viini ndiko kuna pengo: UHD 730 ya 12400 ina vitengo 24 tu vya hesabu na inaazima RAM ya mashine, wakati kadi ya kati ina viini maelfu na memori yake yenyewe.

Kwa kukata, kupanga kamera tatu, muziki, maandishi na LUT moja, kinachokaba ni kufungua mafaili, na 12400 ya kawaida inamudu. Ukianza kuondoa chenga za ukumbi wenye mwanga hafifu, au kupanga rangi kwa tabaka tano sita, kinachokaba ni viini na memori. Orodha yako imetupa injini nzuri ya Intel (hiyo F maana yake GPU ya ndani imezimwa, na haiwashiki kwa BIOS wala kwa draiva) ili kuweka kadi dhaifu.

chenga_sifuri

Hapo mwisho umeionea 1650. Nayo inafungua H.264 na HEVC za 4:2:0 (zilizopunguzwa taarifa za rangi), na ina CUDA (mfumo wa Nvidia wa kupigia hesabu kwenye kadi), ambayo Premiere inaielewa vizuri. Kasoro zake ni GB 4, halafu upande wa kufunga: 1650 za mwanzo zilitoka na NVENC (injini ya Nvidia ya kufunga video) ya kizazi cha Volta, ndiyo maana HEVC yake haina B-frame (fremu zinazookoa nafasi kwa kulinganishwa na za kabla na za baadaye). 1650 Super ilipewa NVENC ya Turing, kizazi kipya zaidi.

Kadi za kukimbia hasa ni GT 1030, haina NVENC kabisa, na RX 6400 na RX 6500 XT, ambazo hazina injini ya kufunga video na zinapita kwenye njia 4 tu za PCIe (nafasi ya kadi kwenye mazabodi). Mtu anachomeka kadi kama hiyo, anatoa kazi polepole kuliko jirani mwenye UHD 730, halafu anailaumu Premiere.

pwani_kodeki

Kabla ya kubishana kadi, tujue mafaili yenyewe. "4K" haisemi kitu. Chukua faili moja kutoka kila kamera, weka ffmpeg kwenye mashine yoyote uliyonayo, fungua dirisha la amri uandike:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,pix_fmt,r_frame_rate,avg_frame_rate faili.mp4`

Tuletee majibu. La muhimu kuliko yote ni pix_fmt, yaani jinsi rangi zilivyohifadhiwa.

mwambao_picha

Nimefanya. A7 III zote: h264, yuv420p, 25/1 pande zote mbili.
Simu: hevc, yuv420p, r_frame_rate 30/1 lakini avg_frame_rate ni sehemu ya ajabu yenye tarakimu nyingi.
Kamera ya kukodi ni A7 IV: h264, High 4:2:2, yuv422p10le, 25/1.

pwani_kodeki

Basi adui umempata, na hana uhusiano na kadi uliyotaka kununua.

A7 III ni nyepesi, kila GPU ya miaka hii inaifungua.

Simu inapiga kwa mwendo wa fremu unaobadilika, ndiyo maana wastani haulingani na 30. Ukiiweka kwenye taimulaini ya 25, sauti na midomo vitaachana taratibu kadiri kipande kinavyorefuka. Ipitishe HandBrake (programu ya kubadilisha video) kwanza, kwenye kichupo cha Video chagua 25 na "Constant Framerate", ndipo uilete kwenye mradi. Hakuna GPU inayotibu hilo.

A7 IV ndiyo mzigo. H.264 ya 4:2:2 biti 10 (taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0, na ngazi nyingi zaidi) haifunguliwi na Quick Sync ya kizazi cha 12, wala na GeForce za RTX 20, 30 na 40, wala na kadi za Radeon. Nvidia wameiweka kwenye RTX 50 tu, zilizotoka 2025. Kwa hiyo 1650 ingekaa kimya kama UHD 730, na viini sita vya prosesa ndivyo vingebeba kazi yote. Hapo ndipo watu wananunua kadi ya pili, ya tatu, na picha bado inaganda.

HEVC ya 4:2:2 biti 10 ni habari nyingine. Hiyo Intel wanaifungua kuanzia kizazi cha 11, na kadi zao za Arc pia, wakati GeForce za kabla ya RTX 50 haziwezi. Ndilo eneo ambalo GPU ya ndani ya 12400 inaipita RTX 4090 waziwazi, na wauzaji wa kadi hawalitaji.

Njia za kutoka: mwambie mpigapicha wako aweke kwenye menyu ya Sony XAVC S 4K, 25p, 100M 4:2:0 8bit. Kwa harusi ambayo haipigwi S-Log (rangi hafifu za kupangwa baadaye), biti 8 inatosha. Asikimbilie XAVC HS (ile ya HEVC) akidhani ndiyo dawa, kwa sababu kwenye 4K ya PAL (mfumo wa fremu 25 na 50) haina 25p, ina 50p, na utakuwa na fremu mara mbili za kufungua. Akikataa, tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria).

mwambao_picha

Proksi zitakula nafasi kiasi gani? Na SSD yangu ni GB 500.

pwani_kodeki

ProRes Proxy ya 1080p kwa 25p ni megabiti 38 kwa sekunde, karibu GB 17 kwa saa. Mafaili asili ya 100M ni GB 45 kwa saa, ya 140M ni GB 63. A7 III mbili zikipiga saa nne kila moja, hizo ni GB 360 kabla hujagusa kitu. Kwa hiyo GB 500 iwe ya Windows, programu na kashe. Video ziwe kwenye SSD ya pili ya TB 1 au zaidi. Tengeneza proksi za A7 IV peke yake, hizo nyingine hazihitaji. Kwenye Premiere bofya kipande kwa kitufe cha kulia, Proxy, Create Proxies, uiache ifanye kazi usiku. Kisha ongeza kitufe cha Toggle Proxies chini ya dirisha la Program. Wakati wa kutoa, Premiere inarudi kwenye mafaili asili yenyewe, mradi tu hujaweka tiki ya Use Proxies kwenye dirisha la Export.

mama_lut

Naingilia upande wa Resolve, maana mnazungumza Premiere peke yake. Resolve inafanya karibu kila hesabu ya picha kwenye GPU, kwa biti 32 za desimali. Piga hesabu: fremu ya 3840 × 2160, chaneli nne, baiti nne kila moja, ni MB 133 hivi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kuisoma mara moja ni GB 3.3 kwa sekunde. Kila nodi (tabaka moja la rangi) ikisoma na kuandika, ni GB 6.6. Nodi sita, GB 40.

RAM ya DDR4-3200 kipande kimoja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, vipande viwili GB 51.2, na hapo prosesa nayo inakula humo humo. RTX 3060 ina GB 360 kwa sekunde za peke yake. Ndiyo sababu rangi nzito kwenye GPU ya ndani inaganda hata kama prosesa inaonyesha asilimia 30.

Uondoaji wa chenga kwa kulinganisha fremu za jirani ndio mbaya zaidi: ukiweka fremu 2 kila upande, GPU inashika fremu 5 kwa mkupuo, MB 660 na kitu, za chanzo tu. Kwenye kadi ya GB 4 ujumbe wa "Your GPU memory is full" hauko mbali. Ila huo uondoaji uko kwenye Studio tu, dola 295 unalipa mara moja. Resolve ya bure inakomea 3840 × 2160, inatumia GPU moja, na kwenye Windows hizo 4:2:2 za biti 10 ni kazi ya Studio.

chenga_sifuri

Dada mama_lut kamaliza. Niongeze: mteja anapewa 1080p. Weka taimulaini ya 1080p tangu mwanzo, hesabu zote hizo zinagawanywa kwa nne. Nodi sita zinakuwa GB 10 kwa sekunde, na UHD 730 yenye RAM vipande viwili inapumua.

mama_lut

Kweli, kwa sehemu. Viini navyo vinahesabiwa, si njia ya memori peke yake. Lakini taimulaini ya 4K kwa kazi ya 1080p ni kujiongezea mzigo bure.

renda_usiku

Sasa upande wa mikono, maana hapa ndipo wengi wanakosea hata wakiwa na vifaa sahihi.

RAM: vipande viwili vya aina moja, GB 16 kila kimoja, kwenye nafasi A2 na B2, yaani ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha BIOS, washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2666. Hakikisha kwa CPU-Z, kichupo cha Memory. Inaonyesha nusu ya mwendo, kwa hiyo 1600 ndiyo 3200.

Ukija kuongeza kadi baadaye, mazabodi nyingi zinazima GPU ya ndani zikiona kadi. Rudi BIOS utafute "iGPU Multi-Monitor" kwenye ASUS, au neno linalokaribia hilo kwenye kampuni nyingine, uliwashe. Ndipo Premiere itatumia Intel kufungua mafaili na kadi kupiga rangi, zote kwa pamoja. Huo ndio mpangilio mzuri kuliko wowote kwa mhariri, na mwenye F hawezi kuupata.

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Draiva ya Nvidia chagua Studio. Ukibadilisha kutoka AMD kwenda Nvidia, safisha kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa kwenye Safe Mode.

Ndani ya Premiere: Edit, Preferences, Media, weka tiki kwenye Enable hardware accelerated decoding, washa Intel na Nvidia zote, uzime programu na kuiwasha. Kisha File, Project Settings, General, Renderer iwe GPU Acceleration na si Software Only. Kwenye kutoa, Performance iwe Hardware Encoding. Ukichagua VBR 2 pass (kupitia video mara mbili) inarudi Software bila kukuambia kwa sauti, na watu wanashangaa kwa nini kazi ya saa moja inachukua usiku.

mwambao_picha

Warp Stabilizer je? Hiyo ndiyo inayonichelewesha sasa.

renda_usiku

Ule uchambuzi wake unafanywa na prosesa. RTX yoyote haitaukimbiza. Kata kipande kwanza, ukitie ndani ya Nest (kukifunga kama kipande kipya) kama umebadilisha mwendo, halafu weka efekti kwenye zile sekunde unazozitumia, si kwenye faili zima la dakika arobaini.

chenga_sifuri

Kama bado moyo uko kwenye kadi ya mtumba, hasa inayoletwa na basi kutoka Kariakoo bila kuiona, dai picha ya GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) ikiwa imechomekwa na inafanya kazi. Kadi za zamani zilizoandikwa upya jina ziwe "GTX 1050 Ti" zipo sokoni, na GPU-Z inaziwekea neno FAKE mbele ya jina. Angalia pia mstari wa Bus Interface wakati kadi ina kazi: kadi ya x16 inayokimbia x4 ina pini chafu au nafasi mbovu. Iendeshe dakika 20 chini ya mzigo. Chenga za rangi, mistari au skrini nyeusi inayorudi yenyewe ni memori inayokufa. Usiikubali kwa ahadi ya "itapona ukiupdate draiva".

Kwa kuhariri chagua kwa mpangilio huu: memori ya kadi kwanza, injini ya kufunga pili, mwendo wa gemu mwisho. Ndiyo sababu 3060 ya GB 12 bado ni kadi nzuri ya mhariri kuliko nyingi za GB 8. Arc A380 ya GB 6 nayo ina injini nzuri, mpaka AV1 (njia mpya zaidi ya kubana video), ila uiwashie Resizable BAR (prosesa kufikia memori yote ya kadi) kwenye BIOS, bila hiyo inalegea vibaya.

upepo_wa_kusi

Hamjagusa umeme na hewa. Huku pwani hivyo vinaua kadi kuliko kazi.

12400 ikibanwa inafika wati 117. RTX 3060 ni 170. Ongeza mazabodi, diski, feni na skrini, unakaribia 370. UPS nyingi za 650VA zinatoa wati zisizozidi 400, na umeme ukikatika katikati ya kutoa kazi, UPS inazidiwa, mashine inazima nayo. Soma wati nyuma ya boksi, usisome VA. Kwa mashine yenye kadi chukua kuanzia 1000VA. Bila kadi, 650VA inakutosha kuhifadhi na kuzima. Pawa saplai ya 450 kwa 3060 ni kubana, Nvidia wenyewe wanasema 550. Nunua 550 sasa hata kama kadi itakuja mwakani, yenye waya wa PCIe wa pini 8 wa kwake, si wa kubadilishia kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani).

Chumvi: kama chumba kiko Raskazone au Sahare, na madirisha yanakaa wazi, feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, na ziwe na vichujio. Kasha lisikae sakafuni. Kila baada ya miezi michache toa kadi na RAM, futa pini za dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye isopropili, subiri zikauke. Kadi "iliyokufa" mara nyingi imeshika kutu ya kijani kwenye pini tu.

Na ukisafirisha mashine kwa basi, toa kadi ifungwe peke yake. Inaning'inia kwenye nafasi yake, na barabara mbovu inaivunja ile klipu.

mwambao_picha

Shukrani sana wakuu. Orodha mpya: i5-12400 isiyo na F, B660 ileile, RAM GB 32 vipande viwili, NVMe GB 500 na SSD ya pili TB 1, pawa saplai 550, hakuna kadi kwa sasa. Naanza na Premiere, taimulaini 1080p, proksi kwa A7 IV. Nitajuaje kwamba muda wa kadi umefika, na si uvivu wa mashine?

kibao_mama

Kama hela inaruka kidogo, 12500 ina UHD 770 yenye injini mbili za video badala ya moja; kwa kamera tatu kwa mpigo utaiona tofauti. Isiporuka, baki na 12400.

Kujua: fungua Task Manager, Performance, GPU, cheza ile sehemu inayokwama uangalie vijidirisha vinne. Video Decode ikigonga 100 na 3D iko chini, injini ya kufungua imezidiwa, dawa ni proksi au kupunguza kamera. Video Decode ikiwa sifuri na prosesa iko juu, faili halifunguliwi na GPU kabisa, rudi kwenye ffprobe. 3D ikigonga 100, au Shared GPU memory ikikaribia kikomo (Windows inaruhusu hadi nusu ya RAM), hapo ndipo kadi imeitwa. Vyote vikiwa chini na bado inakwama, tazama diski, hasa kama unahariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi au HDD ya nje.

mama_lut

Naacha pingamizi langu dogo. Akihamia Resolve Studio kwa ajili ya kuondoa chenga za kumbi za usiku, huo mpango wa kutokuwa na kadi unaisha siku hiyo hiyo. Asinunue Studio kabla ya kadi.

pwani_kodeki

Sawa dada. Na mpigapicha wa A7 IV abadilishiwe menyu kabla ya Jumamosi, hiyo haigharimu kitu. Akiwa humo kwenye menyu, shata iwe 1/50, taa za ukumbi zinakwenda na umeme wa hezi 50.